Futi Arobaini Katikati ya Jiji

“Tuko Moi Avenue. Ingia mlango ulio kati ya duka la simu na duka la miwani, panda ngazi hadi ghorofa ya pili, kata kulia, tafuta namba B14. Ukiitwa na wale wa chini, usisimame.”

Maelekezo ya namna hii anayajua kila aliyewahi kuagiza viatu au begi mtandaoni jijini Nairobi. Hayataji jina la kampuni wala sanduku la posta. Yanamshika mteja mkono na kumvusha mlango, ngazi na ushoroba mpaka kwenye chumba ambacho mtu mrefu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Viatu vimepangwa kutoka sakafuni hadi darini. Kuna kioo, taa nyeupe kali, kiti cha plastiki, na muuzaji ambaye hawezi kuinuka mpaka mteja arudi nyuma hatua moja.

Wenyeji wanakiita chumba hicho stoli, na jengo lililokatwa likajaa stoli wanaliita ekshibisheni. Neno lenyewe lina kichekesho ndani yake, maana hakuna maonyesho yanayofanyika humo isipokuwa ya bei. Ukivuka mpaka hadi Dar es Salaam utasikia watu wakitafuta fremu. Majina yanatofautiana, kazi ni moja: nafasi iliyokuwa ya mtu mmoja mwenye mtaji mkubwa imemegwa, na watu hamsini wenye mitaji midogo wameingia.

Miji mingi duniani inahangaika na maduka matupu katikati ya mji. Nairobi ilipata kila sababu ya kuwa na tatizo hilo, na sababu zenyewe zilikuja zikifuatana kama mabehewa.

Mojawapo ina tarehe. Mnamo 7 Agosti 1998 bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue, likaua watu 213 jijini. Ubalozi ulijengwa upya Gigiri, mbali na msongamano, na kampuni nyingi zikaona ni salama zaidi kufungua ofisi Upper Hill au Westlands. Ukweli ni kwamba wateja wenye magari walikuwa wameshaanza kuondoka kabla ya hapo. Sarit Centre ilifunguliwa Westlands mwaka 1983, Village Market ikafuata mwaka 1995, na baadaye zikaja Thika Road Mall, Garden City na Two Rivers. Kote huko mtu anaegesha gari bila kuzungushwa mtaa mara tatu na bila kijana kumwonyesha nafasi kwa ishara za mikono kisha kumdai.

Benki nazo zikahamisha makao makuu. Na baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, wale waliokuwa wakipanga foleni kwenye kumbi zenye dari ndefu na kaunta za mbao wakaanza kumaliza shida zao kwa wakala aliyekaa kwenye chumba kisichozidi kabati.

Halafu zikafa supermaketi.

Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa mkono wa serikali, ilifunga milango Juni 2006, ikafufuliwa, kisha ikadhoofika tena katika muongo uliofuata. Nakumatt, iliyokuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki na nembo ya tembo iliyojulikana mpaka Kigali, ilibaki na rafu tupu mwaka 2017. Januari 2020 wanaoidai wakapiga kura ivunjwe. Tuskys ikafuata njia hiyohiyo wakati wa korona. Inafaa kukumbuka, japo ni pembeni ya habari, kwamba jina la Nakumatt lilitokana na maneno Nakuru Mattresses, na kwamba kampuni iliyomiliki Tuskys ilisajiliwa kwa jina la Tusker Mattresses. Magodoro ndiyo yaliyokuwa shule ya biashara kule Nakuru, na wahitimu wake wakaja kushika mji mkuu, kisha wakauachia.

Kila moja ya supermaketi hizo ilipofunga tawi la mjini iliacha kitu ambacho hakiuziki kirahisi: ukumbi mpana, mrefu kwenda ndani, wenye mlango mmoja wa mbele na madirisha machache. Nje ya katikati ya jiji, kumbi kama hizo zilimsubiri mpangaji mwingine mkubwa. Carrefour, iliyoingia Kenya mwaka 2016 kupitia The Hub kule Karen, ilichukua nafasi ya Nakumatt katika Thika Road Mall na Junction. Supermaketi ya Naivas nayo ikanunua matawi ya mwisho ya Nakumatt yaliyobaki. Wenye majengo hayo ya maduka walijua kwamba bila supermaketi kubwa mlangoni, wapangaji wadogo waliomo ndani wangenyauka.

Mwenye jengo la Tom Mboya Street hakuwa na wasiwasi huo. Mbele ya mlango wake watu walikuwa wakipita tangu alfajiri hadi saa tatu za usiku, kwa maana matatu zinashusha abiria hatua chache kutoka hapo. Hakuhitaji jina kubwa la kuwavuta. Alihitaji fundi wa mbao, pau za alumini, vioo, na mtu wa kuvuta waya wa umeme.

Hesabu yenyewe inafaa kufanywa kwa penseli. Tuseme kuna ukumbi wa futi za mraba 4,000, na mpangaji mmoja mkubwa alikuwa akilipa shilingi 100 za Kenya kwa kila futi kwa mwezi. Hizo ni shilingi 400,000, tena kama halipi kwa kuchelewa, ugonjwa ambao supermaketi zilizokufa zilikuwa nao. Sasa ukate ukumbi huo. Nusu yote iende kwenye shoroba. Zinabaki futi 2,000, ambazo zinatoa vyumba 50 vya futi tano kwa nane, yaani futi 40 kila kimoja. Kila chumba kikilipa shilingi 20,000, mwezi unaingiza milioni moja. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini umbo la hesabu ndilo hilo jengo hadi jengo: nusu ya nafasi inapotea kwenye shoroba, na bado pato linazidi maradufu.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni mfuko wa mpangaji. Katika mfano huu analipa shilingi 500 kwa futi, mara tano ya alivyolipa yule mkubwa. Ukimweleza atakubali bila mshangao. Ameshazoea. Ni bei ya kadogo, ileile inayotawala sukari ya kupimiwa, mafuta ya kupikia ya kumiminiwa kwenye kikombe na makaa ya mkebe. Anayenunua kidogokidogo hulipa zaidi kwa kila kipimo, na bado ananunua kwa sababu kipimo kikubwa hakimo mfukoni. Wakenya wamekuwa na uchumi wa kadogo kwa miaka mingi. Kilichotokea kwenye majengo ya Moi Avenue ni kwamba hata sakafu ya jiji imeanza kuuzwa kwa kadogo.

Mtindo huu haukuvumbuliwa na wenye majengo ya mjini. Ukifuata nyayo zake nyuma utafika Eastleigh. Baada ya dola ya Somalia kuporomoka mwaka 1991, maelfu ya wakimbizi walifika mtaa huo, wengi wakiwa wafanyabiashara waliopoteza maduka lakini hawakupoteza jamaa wa Dubai. Walipanga vyumba katika nyumba za kulala wageni, maarufu zaidi ikiwa Garissa Lodge. Usiku chumba kilikuwa cha kulala; mchana bidhaa zilitandazwa kitandani na mteja akakaribishwa mlangoni. Haikuchukua muda vitanda vikatolewa, rafu zikaingia, na nyumba ya wageni ikageuka soko la ndani lenye vyumba vidogo kila ghorofa. Kutoka hapo Eastleigh ilijenga majengo ya maduka moja baada ya jingine, mengi yakiwa yamechorwa tangu mwanzo kwa kipimo cha chumba cha lodji.

Mambo mengine mawili yalitokea wakati huohuo. Serikali ya Kenya ilifungua milango ya bidhaa kutoka nje mapema miaka ya 1990, ikalegeza pia udhibiti wa fedha za kigeni. Na ikapunguza watumishi wake. Wafanyakazi wakarudi nyumbani na kiinua mgongo mkononi, wake zao au wao wenyewe wakapanda ndege kwenda Dubai, baadaye Istanbul, Bangkok na Guangzhou. Mtu anayerudi na mabegi manne ya nguo hahitaji ukumbi wa futi 4,000. Anahitaji ukuta wa kutundikia, kufuli, na barabara yenye watu.

Kwa hiyo pande mbili zilikutana mahali pamoja: nafasi iliyokosa mwenyewe, na bidhaa zilizokosa nafasi. Hakuna mpango wa jiji ulioandika hivyo. Hakuna mfuko wa maendeleo uliotoa ruzuku. Fundi alikuja na msumeno wake tu.

Anayeingia mara ya kwanza hushangaa kuona maduka kumi yakiuza kitu kimoja, suruali zilezile za rangi zilezile. Anaweza kudhani ni ujinga. Lakini Nairobi ya biashara imekuwa hivyo kwa muda mrefu: vifaa vya umeme ni Luthuli Avenue, vipuri vya magari ni Kirinyaga Road, vipodozi ni Dubois Road, vitenge na sare za shule ni Biashara Street, mtaa ambao ulikuwa soko la Wahindi tangu siku za mwanzo za reli. Mteja hutoka nyumbani akiwa na jina la mtaa kichwani, si jina la duka. Akishafika, amenaswa, kilichobaki ni nani atamvuta kwanza. Na muuzaji aliyekosa saizi ya 42 hutuma kijana mbio kwa jirani kuichukua, wakagawana faida, mteja asijue kwamba kiatu kilitoka mlango wa tatu. Kwa mtu mwenye mtaji wa pea 60 za viatu, majirani washindani ndio stoo yake.

Ghorofa zina tabaka zake. Vyumba vya chini, vinavyotazama barabara, ni vya simu na vya nguo zinazonunuliwa kwa macho. Juu kidogo wapo washonaji, wasusi, wauzaji wa nywele bandia na mafundi wa kompyuta, watu ambao mteja huwafuata kwa jina. Juu kabisa ni wale wanaouza mtandaoni na wanahitaji tu mahali pa kupokelea mteja aliyeshaamua. Katikati ya mfumo huo wamesimama vijana wa kuita wateja. Hawana chumba, hawana bidhaa, wana sauti tu. Wanalipwa kwa kila kichwa walichopandisha ngazi. Bila wao ghorofa ya tatu ingekuwa stoo ya popo.

Sasa tufike kwenye neno linalofanya wapangaji washushe sauti.

Kabla hujapewa ufunguo wa chumba kizuri, Nairobi unatakiwa kulipa gudwili. Dar es Salaam na Unguja wanaiita kilemba, neno lenye heshima zaidi lakini lenye maumivu yaleyale. Ni fedha za kuingilia, zinalipwa mara moja, mara nyingi taslimu, na si kodi wala amana ya kurudishwa. Wakati mwingine anazichukua mwenye jengo. Wakati mwingine mpangaji anayeondoka humuuzia anayeingia. Katika chumba chenye watu wengi mlangoni, kiasi hicho kinaweza kuzidi kodi ya mwaka mzima. Kwa mwenye jengo ndicho kinachomlipa fundi aliyekata ukumbi. Kwa mpangaji ni mtaji uliokwenda kabla ya kununua hata soksi moja.

Gudwili inaeleza jambo ambalo kodi pekee haielezi. Inasema kwamba chumba hiki kina thamani kubwa kuliko kodi iliyoandikwa, na ya ziada lazima ilipwe mahali fulani. Sehemu ya sababu iko katika sheria. Tangu mwaka 1965 Kenya ina Sheria ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na nyumba za vyakula, Sura ya 301, inayomlinda mpangaji wa biashara ambaye mkataba wake haukuandikwa, au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Mwenye jengo hawezi kumpandishia kodi au kumtoa bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na mpangaji akipinga, shauri linakwenda kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Mawakili wa wenye majengo walijifunza dawa yake zamani: andika mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu. Miezi hiyo mitatu ya ziada, inayoonekana kama kosa la mpiga chapa, ndiyo inayomtoa mpangaji nje ya ulinzi.

Hapo pana jambo la kuchekesha na la kusikitisha kwa pamoja. Mwenye stoli asiye na karatasi yoyote, anayelipa kwa M-Pesa kila tarehe 5, kisheria ana ulinzi zaidi kuliko kampuni yenye mkataba wa kurasa 40. Ila wengi hawajui hilo, na wanaojua mara nyingi wanagundua kwamba hawakupangishwa na mwenye jengo bali na mtu wa katikati aliyechukua ukumbi mzima, akaukata, akawakodisha. Mkataba wa huyo wa katikati ukiisha, wao wanakuta kufuli mpya mlangoni na gudwili yao imekwenda na mtu ambaye simu yake haipatikani.

Yupo mwingine anayepoteza, na hatajwi sana: jengo lenyewe. Ukumbi uliojengwa kwa ajili ya duka moja unapewa waya wa maduka hamsini. Kila chumba kina pasi ya mvuke au mashine ya kunyolea, kila ukuta ni mbao nyembamba, na bidhaa ni nguo na plastiki. Shoroba zinazidi kupunguzwa kadiri wapangaji wanavyosukuma masanamu ya nguo nje ya mlango. Nairobi inaujua moto wa katikati ya jiji. Supermaketi ya Nakumatt Downtown iliungua Januari 2009 na kuua watu zaidi ya 25, na huo ulikuwa ukumbi mmoja ulio wazi, usio na kuta za mbao ndani.

Dar es Salaam nayo ina fundisho lake, na bado ni bichi. Asubuhi ya 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lenye maduka liliporomoka Kariakoo. Watu wasiopungua 29 walipoteza maisha, baadhi baada ya kukaa chini ya kifusi kwa saa nyingi wakiwasiliana na waokoaji. Mashuhuda walieleza kwamba chini ya jengo kulikuwa na kazi ya kupanua nafasi ya maduka. Kariakoo hakuna ukumbi mtupu wa kukata; kila fremu ina mtu na kila mtu ana anayemsubiri aondoke. Njaa ya futi 40 ilipokosa pa kwenda juu na pembeni, ikachimba chini.

Ajabu ni kwamba mwendo wa dakika chache kutoka hapo, kwa miaka mingi, kulikuwa na maelfu ya nafasi za biashara zilizokaa bila watu. Machinga Complex, karibu na Uwanja wa Karume, Ilala, ilijengwa kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ili wachuuzi wa barabarani wapate mahali pa kudumu, na ikawa tayari karibu mwaka 2010 ikiwa na vizimba zaidi ya 4,000. Kwenye karatasi ilikuwa na kila kitu ambacho stoli za Nairobi hazina: mchoro wa mhandisi, ngazi pana, hewa, bei ya chini. Wachuuzi walipewa vizimba, wakakaa, wakatazama ngazi zisizopandwa na mtu, wakarudi Kariakoo na mizigo yao kichwani. Deni la ujenzi likaendelea kukua kwa riba huku ghorofa za juu zikiwa kimya. Ilihitaji amri ya Oktoba 2021, wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara za jiji, ili jengo hilo lianze kujaa watu kwa kweli.

Nairobi haiwezi kumcheka jirani. Soko la Muthurwa, lililofunguliwa mwishoni mwa muongo wa 2000 ili kuwaondoa wachuuzi katikati ya jiji, liliwapokea wengi ambao baadaye walirudi walikotoka. Wachuuzi hawakuwa wakaidi. Walikuwa wakihesabu nyayo. Duka la bure pasipopita mtu ni ghali kuliko stoli ya shilingi 20,000 iliyo mbele ya kituo cha matatu, na hilo analijua mchuuzi wa soksi vizuri kuliko kamati iliyochagua kiwanja.

Kuna mji mmoja mbali sana na huku ambao ulikuwa na shida iliyogeuzwa kama nguo iliyovaliwa nje-ndani. Newcastle, mji wa bandari ya makaa ya mawe katika New South Wales, Australia, ulipigwa na tetemeko mwaka 1989, ukapoteza kiwanda cha chuma cha BHP mwaka 1999, na wateja wake wakahamia kwenye maduka makubwa ya vitongojini. Mwaka 2008 mzaliwa wa mji huo, Marcus Westbury, alitembea mtaa mkuu akahesabu majengo matupu takribani 150. Cha kushangaza ni kwamba wenye majengo hawakutaka kupunguza kodi. Kwa kampuni ya majengo, kodi iliyoandikwa ndiyo inayoamua thamani ya jengo mbele ya benki. Chumba kitupu chenye kodi ya juu kinaonekana kizuri kwenye vitabu kuliko chumba chenye mtu anayelipa kidogo.

Westbury na wenzake waliunda Renew Newcastle na kutafuta upenyo katika sheria. Badala ya mkataba wa upangaji, mtengeneza vito au mshona mikoba alipewa kibali cha kutumia chumba bila kodi, kinachohuishwa kila siku 30. Mwenye jengo akipata mpangaji wa kweli, kibali kinakwisha. Mtaa ukapata taa tena. Lonely Planet iliutaja mji huo kati ya miji 10 bora ya kutembelea mwaka 2011. Kisha thamani ya ardhi ikapanda, majengo ya makazi yakaanza kuinuka, reli nyepesi ikapita mtaani, na mwaka 2019 shirika likafunga kazi. Wengine waliita hayo mafanikio. Wengine waliuliza wale washona mikoba wamekwenda wapi.

Swali hilo lingeeleweka Tom Mboya Street bila mkalimani. Tofauti ni kwamba kule vilikuwapo vyumba bila nyayo, na mwenye jengo alikuwa kampuni iliyotazama vitabu. Nairobi nyayo hazikukoma hata siku moja, na mwenye jengo mara nyingi ni familia au mtu anayetaka fedha za mwezi huu. Ndiyo sababu ukumbi wa mjini hukatwa upesi hivyo. Na ndiyo sababu hakuna aliyeketi kumuuliza mpangaji mdogo anataka nini. Alipotakiwa kulipa mara tano, alilipa.

Dalili za karibuni zinaonyesha kwamba hata uvumilivu huo una dari. Duka la China Square lilipofunguliwa Januari 2023 katika jengo la Unicity, kando ya Thika Road, liliuza vyombo na vifaa vya nyumbani kwa bei ambayo wengi wa mjini waliizoea kama bei ya jumla. Februari wafanyabiashara wakaandamana barabarani. Hasira yao ilikuwa na hesabu ndani: mtu anayelipa gudwili, kodi ya kadogo, kijana wa kuita wateja na mzigo wa kuunganishwa na wenzake kwenye kontena moja hawezi kushindana na anayeleta kontena zake mwenyewe na kuzitua kwenye ukumbi mmoja usiokatwa.

Wakati huohuo simu imeanza kufanya kazi ya mlango wa mbele. Muuzaji wa TikTok anayeonyesha viatu saa nne za usiku akiwa sebuleni hahitaji kioo kinachotazama barabara. Bado anahitaji mjini, lakini kwa namna nyingine: mahali ambapo mteja wa Rongai na mteja wa Ruiru wote hupita wakibadilisha matatu, na ambapo kifurushi kinaweza kuachwa asubuhi kikachukuliwa jioni. Stoli kadhaa za ghorofa za juu zimegeuka kuwa vituo vya namna hiyo. Nyingine zimekatwa tena, nusu ya nusu, na watu watatu wasiojuana wanashiriki chumba kimoja, kila mmoja na ukuta wake. Mmoja ana manukato, mwingine mikanda, wa tatu meza ya kutengenezea kucha.

Jioni, saa kumi na moja ikishapita, kandokando ya Tom Mboya Street hufunikwa na maturubai. Wachuuzi hutandaza suruali, sidiria na chaja chini ya milango ya walewale wanaolipa kodi ndani, macho yao yakiwa kule kanjo, askari wa jiji, anakoweza kutokea. Wenye stoli walilalamika miaka mingi. Siku hizi wapo wanaomteremsha kijana wao na mzigo uleule wa B14, akauze chini kwa bei pungufu, kisha arudishe kilichobaki kabla ya mlinzi kufunga geti. Anapopanda ngazi na gunia begani hupita matangazo yaliyobandikwa ukutani kwa gundi, yakiwa yameandikwa kwa kalamu nyeusi nzito. Zamani yalikuwa ya watu wanaotafuta chumba. Ya ghorofa ya nne sasa yanasema stoli ipo, piga namba hii, na chini yake, maneno mawili yamepigiwa mstari: “Hakuna gudwili.”